Ogani ya Paris, okestra ya Berlin

Kila aliyeisikiliza Simfoni ya Tatu ya Camille Saint-Saëns mpaka mwisho anaijua sekunde ile. Presto imemaliza mbio zake, fidla na chelo zimezama polepole hadi karibu kutosikika, halafu ogani inapiga C meja na sakafu inatetemeka. Katika rekodi ya Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic ya mwaka 1981, sekunde hiyo imepachikwa. Okestra ilipiga ndani ya ukumbi wa Philharmonie, Berlin. Pierre Cochereau alipiga ogani ya kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo. Mafundi wa Deutsche Grammophon wakaziunganisha sauti hizo mbili, na wasikilizaji wakauziwa mpigo ambao haukupata kusikika mahali popote duniani.

Uamuzi huo ulikuwa mbaya siku ulipofanywa na umebaki mbaya, hata kama zaidi ya miaka 40 baadaye rekodi hiyo bado inasifiwa kwa ukubwa wa sauti yake. Ukubwa haukuwa tatizo la simfoni hii hata siku moja.

Chukua Maestoso yenyewe, kuanzia mpigo ule wa kwanza. Ogani inashikilia, inaachia, na nyuzi zinajibu kwa sauti zinazofukuzana, kundi moja likiingia kabla jingine halijamaliza. Kisha ogani tena, kisha nyuzi tena. Ni mazungumzo, na Saint-Saëns ameyapima: kila upande umepewa nafasi ya kusema na ya kunyamaza. Sasa weka upande mmoja ndani ya Notre-Dame, ambako mwangwi unachukua zaidi ya sekunde 5 kufifia, na upande wa pili ndani ya Philharmonie, ambako unachukua kama sekunde 2. Ogani inaachia vidole, lakini sauti yake inaendelea kutembea chini ya mawe ya Paris wakati fidla za Berlin zimeshaanza kujibu. Jibu linazikwa chini ya swali. Sikiliza besi na chelo hapo: noti zao za haraka, ambazo wanamuziki wa Berlin walizipiga kwa usafi wao wa kawaida, zinasikika zimefifia pembeni.

Zaidi ya hapo, sikio linagundua nyumba mbili. Msikilizaji huenda asiweze kulieleza jambo hilo, lakini analihisi, kwa sababu kila sauti inabeba habari za chumba ilimozaliwa: kuta ziko umbali gani, dari lina urefu gani, mpigaji amekaa wapi. Tarumbeta zinasema chumba hiki ni cha wastani. Ogani inasema ni pango. Ni harusi ambayo bwana yuko mji mmoja, bibi yuko mji mwingine, na picha ya pamoja imetengenezwa kwa mpiga picha.

Halafu kuna suala la kusikilizana, ambalo kwa safu hii ndilo zito kuliko yote. Sauti zikirekodiwa mbali mbali, anayetangulia hamsikii mwenzake kabisa, na anayefuata anamsikia lakini hawezi kubadili chochote. Mwongozaji hawezi kuchelewesha mkono wake kidogo akiona pumzi ya ogani inataka nafasi. Mpiga ogani hawezi kupunguza safu ya mabomba kwa sababu tarumbeta leo zimeamka laini. Na Cochereau, katika watu wote! Huyu alikuwa mpiga ogani wa Notre-Dame tangu mwaka 1955, mtu aliyesifika duniani kwa kubuni muziki papo hapo, akichukua wazo na kulijenga mbele ya masikio ya watu. Kumpa mtu wa namna hiyo kazi ya kufuata sauti iliyokwisha kugandishwa ni kumfunga mikono.

Mafundi wa ala wanajua tatizo jingine tena. Mabomba ya ogani hayarekebishwi katikati ya muziki, na sauti yake hupanda hewa ikipata joto na kushuka ikipoa: takriban senti 3 kwa kila digrii ya Selsiasi, ambapo nusu toni moja ina senti 100. Katika ukumbi mmoja jambo hili lina dawa ya kale. Oboe inachukua A yake kwenye ogani, okestra nzima inaifuata oboe, na wote wanapanda au kushuka na hewa ileile. Kati ya kanisa la mawe la Paris na ukumbi wa Berlin, dawa hiyo haipo. Kazi ya masikio ya wanamuziki 100 inahamia kwenye meza ya kuchanganyia sauti.

Wanaomtetea Karajan husema alitaka ogani ya Kifaransa kwa muziki wa Kifaransa, yenye rangi na uzito wa Aristide Cavaillé-Coll, mjenzi aliyeikamilisha ogani ya Notre-Dame mwaka 1868. Hoja hiyo ina heshima yake, na kelele za mabomba ya mwanzi ya Cavaillé-Coll hazina mfano. Lakini Philharmonie yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1963, ina ogani yake tangu mwaka 1965, kazi ya Karl Schuke wa Berlin. Ilikuwa pale pale, ndani ya hewa ileile ya okestra. Na kama haikutosha, okestra ingeweza kuifuata ogani. Hilo si wazo la kufikirika: mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla, kampuni ya Telarc iliipeleka Philadelphia Orchestra ndani ya kanisa la St. Francis de Sales, Eugene Ormandy akaongoza, Michael Murray akapiga ogani ya humo, na wote wakarekodiwa kwa mitambo ya kidijitali kama ile ya Berlin. Mwangwi wa kanisa ni mrefu, ndiyo, lakini ni mmoja, na wanamuziki walioko ndani yake wanaupigia hesabu wakiwa bado wanapiga.

Deutsche Grammophon walikuwa na mazoea haya. Katikati ya miaka ya 1970 walimrekodi Daniel Barenboim na Chicago Symphony katika jengo la Medinah Temple, kisha sehemu ya ogani ikapigwa na Gaston Litaize katika kanisa kuu la Chartres, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Chicago walipiga kwa moto, na Presto yao ni ya kusisimua. Kosa ni lilelile.

Safu hii imelalamika kwa miaka mingi juu ya chanzo cha kosa hilo, nalo ni jina la utani la kazi hii. Watu wanaiita Simfoni ya Ogani, makasha ya santuri yanapambwa kwa picha za mabomba, na wauzaji wa spika wanaicheza ile C meja kwa wateja kana kwamba dakika nyingine 30 hazikuandikwa. Saint-Saëns aliandika simfoni yenye ogani ndani yake. Kazi ina sehemu mbili kubwa, kila moja imegawanyika mara mbili, na ogani inapiga katika robo mbili tu kati ya hizo nne. Katika Allegro moderato ya kwanza, pale nyuzi zinapohangaika na mada ya C maina, haipo. Katika Presto haipo. Huko piano ndiyo inayomwaga noti. Inapoingia mara ya kwanza, kwenye Poco adagio ya D flati, inaingia kwa sauti ya chini kabisa, ikiwashikilia wenzake kutoka mgongoni.

Hiyo Poco adagio ndiyo ushahidi mkubwa dhidi ya Berlin. Nyuzi za Karajan humo zinaimba vizuri sana. Lakini pedali ya ogani, ambayo kazi yake ni kuitikisa hewa wanayoipumua wapiga nyuzi wenyewe, inafika kutoka chumba kingine.

Mtunzi hakuwa mgeni wa mwangwi. Alipiga ogani ya kanisa la La Madeleine, Paris, kwa karibu miaka 20, akaiacha kazi hiyo mwaka 1877. Alijua fika kanisa linafanya nini na noti za haraka. Na simfoni hii, akiwa na miaka 50, aliiandikia Philharmonic Society ya London kwa ajili ya ukumbi wa muziki. Ilipigwa kwa mara ya kwanza St James's Hall tarehe 19 Mei 1886, yeye mwenyewe akiongoza, jioni ileile aliyokuwa amepiga konserto ya nne ya piano ya Beethoven chini ya Arthur Sullivan. Franz Liszt alifariki Julai mwaka huo, na partitura ilipochapishwa ilitolewa kwa kumbukumbu yake. Kwa haki kabisa: ile mada ya wasiwasi ya mwanzo inayogeuka kuwa wimbo wa ushindi mwishoni ni ufundi wa Liszt mtupu.

Ukitaka kusikia ukumbi uliofikiriwa, rudi Boston, Aprili 1959. Charles Munch anaongoza Boston Symphony, Berj Zamkochian yuko kwenye ogani ya Aeolian-Skinner ya Symphony Hall, na RCA wamewarekodi wote chini ya paa moja. Munch alilelewa ndani ya ogani. Baba yake, Ernst, aliongoza kwaya ya kanisa la Saint-Guillaume mjini Strasbourg, na mpiga ogani katika maonyesho yao ya Bach alikuwa Albert Schweitzer, yule yule ambaye baadaye alikwenda Lambaréné, Gabon, kuwa daktari na akapelekewa huko piano yenye pedali za ogani ili asisahau. Mtu aliyekulia hapo hahitaji kuambiwa kwamba ogani inapumua.

Sikiliza Maestoso ya Munch. Mpigo unaanguka, unakatika, na fidla zinajibu katika mwanya ulio wazi. Dakika inayofuata ndiyo wengi wanaipoteza: nyuzi zinaimba ile mada kwa sauti laini, juu sana, na piano inayopigwa na watu wawili kwa mikono minne inameremeta kati yao. Boston kila noti ya piano hiyo inasikika. Berlin unaitafuta.

Paul Paray na Detroit Symphony, mwaka 1957, wanastahili nafasi yao pia, kwa mwendo mkavu usiobembeleza mtu na kwa Marcel Dupré kwenye ogani, mzee aliyezaliwa Rouen tarehe 3 Mei 1886, siku 16 kabla ya simfoni yenyewe kusikika London. Yeye na Paray walikuwa wakipiga ndani ya ukumbi mmoja.

Kisha zipigwe hatua za mwisho za rekodi zote tatu, moja baada ya nyingine. Kwa Munch na kwa Paray, timpani, shaba na ogani zinasimama pamoja kwenye C ya mwisho, na ukumbi unaufunga mlio huo kwa wote. Kwa Karajan, Berlin imeshanyamaza, na Notre-Dame bado inaendelea kulia peke yake.