Ustadi Juu ya Mawe Yasiyoshikana

Kuendesha baiskeli katika lami ni jambo ambalo mtu hujifunza utotoni na, akishalijua, halimtoki tena maishani. Lakini kuiendesha juu ya changarawe, mahali ambapo ardhi yenyewe huteleza chini ya gurudumu na hakuna jiwe linaloahidi kutulia mpaka mpandaji apite, ni elimu ya namna nyingine, nayo aghalabu hudhaniwa kuwa mchezo wa vijana ilhali ni sanaa kamili, yenye kanuni zake, adabu zake na mafundi wake. Sanaa hiyo ndiyo nitakayo kuisifu. Na kwa kuwa sifa isiyo na mahali hupeperuka, nitaisifu pale nilipoiona katika ukamilifu wake, yaani katika bonde la mto Douro, kaskazini mwa Ureno, nchi ya mizabibu iliyopandwa juu ya majabali.

Mto huo hutoka katika milima ya Urbión nchini Hispania, huelekea machweo kwa mwendo wa kilomita karibu 900, huwa mpaka wa nchi mbili kwa kitambo, kisha huingia Ureno na kumwagika katika Bahari ya Atlantiki penye mji wa Porto. Nyuma ya safu ya milima ya Marão, ambayo huyazuia mawingu ya bahari yasifike bara, umechimba bonde la kina kirefu ambalo kiangazi chake huunguza na kipupwe chake huuma, na mbavu zake ni mwamba wa shisti, jiwe la matabaka membamba ambalo hupasuka bapabapa na kuiachia mizizi ya mzabibu nafasi ya kushuka chini sana kutafuta maji. Mwaka 1756 waziri mwenye nguvu wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Markisi wa Pombal, aliamuru mipaka ya nchi ya divai iwekwe bayana, na katika miaka michache iliyofuata nguzo 335 za matale zikasimikwa milimani. Baadhi yake zingali zimesimama. Apitaye kwa gari hazioni. Apitaye kwa baiskeli, akipanda polepole na pumzi ikimwelemea, huweza kusoma mwaka uliochongwa juu ya jiwe na kuugusa kwa kidole. Mimi si mnywaji wa divai, lakini sioni kwamba mtu analazimika kuonja tunda la kazi ndipo aiheshimu kazi.

Barabara ya lami itokayo Peso da Régua hadi Pinhão hufuata ukingo wa mto kwa uzuri mkubwa, na wenye magari na waachiwe. Njia ninayoisifu huanza pale lami inapokoma, juu ya Pinhão penye vijiji vya Casal de Loivos na Provesende, au ng'ambo ya mto kuelekea São João da Pesqueira, ambako njia za mashamba zilizokatwa ndani ya shisti huzunguka mlima tuta baada ya tuta, rangi yake kahawia asubuhi na ya fedha jua likiwa utosini. Nyingi kati yake ni mali ya watu. Kwa hiyo adabu ya kwanza ya mpanda baiskeli ni kuomba ruhusa. Akikuta lango limefungwa hulifunga tena nyuma yake, na mwezi wa Septemba, wakati wa mavuno, matrekta yanaposhusha zabibu, hukaa kando na kungoja, kwa maana yeye ni mgeni na wale wana kazi.

Ustadi wenyewe huanza kabla ya safari, katika upepo wa tairi. Tairi ya baiskeli ya mbio za lami ni nyembamba nayo hujazwa upepo mwingi, baa sita au saba. Ile ya changarawe, yenye upana wa milimita 40 hadi 50, hutosheka na baa mbili au mbili na nusu, na wengi wa wapandaji wake huacha kabisa mpira wa ndani, wakatia maji mazito ya kuziba matundu. Mwanafunzi hujaza kupita kiasi kwa hofu ya pancha, na matokeo yake ni kwamba tairi hurukaruka juu ya kila kokoto badala ya kulikumbatia. Fundi hubonyeza tairi kwa kidole gumba, husikiliza, hupunguza kidogo, hubonyeza tena. Kile kipunguo kidogo cha upepo, ambacho jicho haliwezi kukiona, ndicho kinachoamua kama gurudumu litashika ardhi au litaikimbia.

Nilimtazama mwanamke mmoja, mwenyeji wa bonde hilo, akishuka mteremko mkali uliojaa vipande vya shisti vilivyoanguka kutoka kwenye tuta la juu, na darasa hilo natamani kila apendaye sanaa hii angelipata. Makalio aliyasogeza nyuma ya kiti. Viwiko vilikunjika vikawa vyepesi. Vidole viwili tu vilikaa kwenye breki, na vile vingine vilishika usukani kwa ulaini hata nikaona magurudumu yakitikisika chini yake ilhali mabega hayakutikisika. Macho hayakutazama jiwe la mbele ya gurudumu. Yalitazama mbali, mwisho wa kona, kwa sababu baiskeli hufuata macho ya mwenyewe, na anayelikazia macho jiwe huishia kuligonga. Breki alizishika mapema, njia ikiwa bado imenyooka, na alipoingia konani aliziachia, kwa kuwa gurudumu lililobanwa juu ya changarawe haliwezi kuviringika wala kugeuka, huburura tu. Upande wa nyuma uliteleza kiasi cha upana wa kiganja. Yeye hakuukaza usukani kuuzuia. Aliuacha uteleze, na gurudumu la mbele likageuka lenyewe kidogo kuelekea upande wa mtelezo, kama ilivyo tabia ya baiskeli, nayo ikasimama wima tena. Lile ambalo kwa mwingine lingekuwa anguko, kwake halikuchukua muda wa kupepesa jicho.

Kupanda nako kuna hekima yake, ambayo ni kukaa kitini wakati mwili wote unadai kusimama, maana asimamaye huuondoa uzito wake juu ya gurudumu la nyuma, nalo huzunguka bure likitifua vumbi.

Katika kuta zinazoyashika matuta ya mizabibu ndimo nilimoipata maana ya yale niliyoyaona katika mteremko ule. Kuta hizo hujengwa kwa shisti tupu, bila saruji, bila chokaa, bila udongo. Fundi wake, mzee aliyekuwa akiliziba pengo lililobomolewa na mvua, aliokota jiwe, akaligeuza mkononi mara mbili, akalijaribu mahali pake, akalitoa, akaligonga pembe kwa nyundo, akalirudisha. Na urefu wa jiwe hakuulaza ubavuni mwa ukuta ili upendeze machoni, aliuingiza ndani kuelekea mlimani. Nyuma yake alishindilia vijiwe kwa mkono, kimoja kimoja. Ukuta ulilalia mlima kidogo. Sisi wa Pwani, ambao nyumba zetu za kale ni matumbawe na chokaa, na ambao Wareno hao hao walitujengea ngome ya mawe pale Mombasa kuanzia mwaka 1593, twaweza kudhani kwamba ukuta usio na kifungo ni ukuta usiokamilika. Lakini wakazi wa karibu na Thimlich Ohinga, kule Migori, hawatastaajabu, kwa kuwa wanaishi jirani na kuta za namna hiyo zilizodumu kwa karne nyingi. Siri ni maji. Mvua ikinyesha mlimani maji hujaa udongoni na kusukuma. Ukuta uliofungwa kwa saruji huyazuia mpaka yapate nguvu ya kuupindua, na huu huyapitisha kwenye nyufa zake na kubaki. Ukuta huo, kama yule mpandaji, husimama kwa sababu umejua ni kipi cha kuachilia.

Kuta hizi zimeshuhudia msiba. Katika miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera, aliyetoka Marekani, aliingia bondeni akaila mizizi ya mizabibu, na matuta mengi yakaachwa yasilimwe tena. Wenyeji huyaita mortórios, na mpandaji huyapita akiona mizeituni au vichaka pale palipokuwa na safu za zabibu. Katika kuta za kale zaidi kuna matundu ya mraba ambamo mzabibu ulipandwa ndani ya ukuta wenyewe, ili udongo wa tuta ubaki kwa nafaka. Tangu miaka ya 1970 mashine zimekata matuta mapya ya udongo yasiyo na ukuta wowote. Siwalaumu wakulima, kwani ukuta wa mawe ni gharama na mafundi wanapungua, ila nasema wazi kwamba tuta la mashine halinivuti kulitazama mara ya pili. Mwaka 2001 UNESCO iliitia nchi hii ya Alto Douro katika urithi wa dunia, na kwa kufanya hivyo, kwa maoni yangu, iliwatukuza waashi kabla ya wenye mapipa.

Asiye na nguvu za milima asikate tamaa. Kule juu ya mto, penye stesheni ya Pocinho, palianzia reli nyembamba ya Sabor, iliyofika Carviçais mwaka 1911 na Duas Igrejas mwaka 1938. Ilifungwa mwaka 1988, na sehemu ya njia yake, karibu na Torre de Moncorvo, imefanywa njia ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Kwa kuwa garimoshi haliwezi mwinuko mkali, wahandisi waliutandaza mpando huo kwa upole, hata mtoto akaumudu.

Wapo watakao njia hizi zote zitiwe lami kwa ajili ya wageni. Nawasihi wasifanye hivyo. Lami huyafukuza maji yote upande mmoja, na upande huo ndiko uliko ukuta. Tena humpa mgeni mwendo kasi ambao hakuuomba na kumnyima somo alilolijia. Njia hizi zahitaji machache: mitaro isafishwe kabla ya mvua za vuli, mashimo yajazwe shisti ile ile iliyoanguka kutoka juu, na vijana wawili watatu wa kila kijiji walipwe ujira wa haki wakae na wazee wanaojua kugeuza jiwe mkononi, maadamu wazee hao wangali wanapanda mlimani na nyundo zao.