Theluji katika Picha Zetu

Katika picha nyingi za Mlima Kilimanjaro zichorwazo kwa mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kazi yake Dar es Salaam mwaka 1968, theluji ni kofia. Ni weupe mmoja usio na kivuli, umevikwa kileleni juu ya twiga na ndovu. Kofia hiyo si kosa. Ni alama, nayo husomwa upesi kama herufi. Lakini herufi haina baridi.

Na baridi ndilo neno lenyewe. Johannes Rebmann alipouona mlima huo mwaka 1848, kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno hilo tu. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kusadiki kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Kiongozi yule alikuwa amekwisha sema kweli: alitaja jambo lisikiwalo mwilini, si rangi ionwayo kwa macho. Kwa kipimo hicho yafaa mchoraji apimwe.

Je, mchoraji wa Kibaoni, katika joto la bonde la Kilombero, atachoraje kitu asichopata kukigusa? Kwa kutazama alicho nacho. Kanzu nyeupe iliyoanikwa juani haina weupe mmoja. Mikunjo yake ina samawati na kijivu. Milima ya Udzungwa nayo huzidi usamawati kadiri iwavyo mbali. Theluji ndivyo ilivyo: hujulikana kwa vivuli vyake, na weupe mtupu hubakizwa mahali pachache panapopigwa na jua.

Rangi za akriliki zafaa kazi hii kuliko rangi ya mafuta ya kung'aa aliyoitumia Tingatinga. Ile hulala nzito na kufunika. Akriliki huzimuliwa kwa maji, ikapakwa tabaka juu ya tabaka, hata samawati ya chini ikaonekana kupitia weupe wa juu. Ila hukauka upesi, na joto huizidishia haraka; basi mchoraji achanganye kidogo kidogo.

Jambo hili si la ufundi tu. Kati ya 1912 na 2007, zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Barafu ya mlima yapungua. Kofia ya picha haipungui. Picha isiyoutazama mlima haiwezi kutuambia umepoteza nini. Hatuna budi kuichora theluji kama kitu kiwezacho kwisha, nayo ingali ipo.