Kuibunia Gesi Njia

Mwaka 1845 James Joule, mzaliwa wa Salford, Uingereza, na mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, alichukua vyombo viwili vya shaba, akaviunganisha kwa bomba lenye koki, akavizamisha ndani ya maji. Kimoja alikuwa amekishindilia hewa mpaka kanieneo ikafika kama angahewa 22. Kingine alikuwa amekinyonya hewa yote aliyoweza. Akafungua koki. Hewa ikafyatuka kuelekea upande mtupu, ikatulia, naye akakoroga maji na kusoma kipimajoto chake, chombo ambacho wenzake wangeweza kabisa kukionea wivu. Hakuona badiliko. Maji hayakupata joto wala hayakupoteza.

Kwa Joule hilo lilikuwa jibu: hewa ikitanuka bila kusukuma kitu, nishati yake haiendi popote. Kwa mtu anayepiga hesabu za entropia, hapo ndipo swali linapoanza.

Rudolf Clausius, aliyeipa entropia jina lake mwaka 1865, aliacha kanuni fupi: chukua joto linaloingia, ligawe kwa halijoto ambayo linaingia nayo, kisha jumlisha vipande vyote. Kwenye vyombo vya Joule joto lililoingia ni sifuri, na sifuri ukiigawa kwa halijoto yoyote inabaki sifuri. Je, entropia haikubadilika? Kila darasa la kidato cha sita lina wanafunzi watakaojibu ndiyo, tena kwa mwandiko mzuri. Wamesahau sharti la Clausius. Joto linalogawanywa lazima liwe la mwendo unaorudishika, yaani mwendo wa taratibu mno, usio na msuguano, ambao ungeweza kugeuzwa wakati wowote kwa kusukuma kidogo tu upande wa pili. Hewa iliyofyatuka haikwenda hivyo, na hakuna aliyewahi kuiona ikirudi yenyewe chomboni.

Ufundi unaingia hapo, na unaingia kwa kitendo ambacho mgeni angekiita ujanja ujanja. Unaliacha tukio lenyewe kabisa. Huangalii koki, wala mfyatuko, wala vurugu iliyozuka ndani ya chombo cha pili. Unashika mambo mawili tu: gesi ilikuwa na halijoto na ujazo gani mwanzoni, na ikawa na halijoto na ujazo gani ilipotulia. Kisha unaketi na kuibunia njia nyingine ya kutoka hapa kwenda pale, njia ambayo gesi hiyo haikuwahi kuipita, ila inakubali kuhesabika. Chukua moli moja ya gesi kamilifu, yaani gesi ambayo molekuli zake hazivutani wala hazichukui nafasi, na tuseme ujazo wake umeongezeka mara mbili kwenye kelvini 300. Ninaiwekea silinda yenye pistoni ndani ya maji ya kelvini 300, ninailegeza pistoni kidogo kidogo, gesi inasukuma. Inafanya kazi ya jouli 1,729, na kwa kuwa halijoto haishuki, inavuta jouli hizohizo kutoka kwenye maji. Gawa kwa 300: jouli 5.76 kwa kila kelvini. Hiyo ndiyo entropia iliyoongezeka kwenye gesi iliyofyatuka, ingawa kwenye tukio la kweli haikuonja joto hata kidogo.

Ruhusa ya kufanya hivi inatokana na tabia ya entropia yenyewe: inategemea hali ya gesi, haitegemei safari yake. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza anaweza kupanda treni ya kupitia Tabora au basi la kupitia Singida. Nauli na uchovu vitatofautiana, lakini akishafika, amefika Mwanza ileile. Joto na kazi ni nauli.

Mazoea haya ya kubuni yana asili yake. Mwaka 1824 kijana Mfaransa, Sadi Carnot, aliandika juu ya mashine ya moto ambayo hakuna fundi angeweza kuiunda, kwa sababu kila hatua yake ingehitaji utaratibu usio na mwisho. Kipindupindu kilimwua mwaka 1832, akiwa na umri wa miaka 36, kabla dunia haijajua thamani ya mashine ile isiyokuwepo. Clausius aliijua.

Lakini ruhusa ina mpaka, na kwenye mpaka huo ndipo ninapompima mpiga hesabu. Gesi unaibunia njia. Mazingira huyabunii kitu. Kwenye njia yangu ya pistoni, maji yalitoa jouli 1,729, kwa hiyo entropia yao ilishuka kwa 5.76, na ukijumlisha na ya gesi unapata sifuri. Kwenye tukio la koki, maji hayakutoa chochote. Upande wao ni sifuri, na jumla ni 5.76. Upande wa gesi namba ni ileile mara zote mbili, na tofauti yote iko ng'ambo, mahali ambapo ni lazima uulize nini hasa kilitokea. Anayechukua maji ya njia ya kubuni na kuyaweka kwenye tukio la kweli atapata jumla ya sifuri, na atakuwa ametangaza kwamba mfyatuko unaweza kujirudisha. Tena ile 5.76 si namba ya kupamba daftari. Izidishe kwa 300 uone kilichopotea: jouli 1,729 za kazi, ambazo zingetosha kupandisha ndoo ya kilo 10 zaidi ya mita 17.

Raha yenyewe inakuja pale ambapo halijoto na kanieneo vyote vinabadilika. Weka moli moja ya argoni kwenye silinda isiyopitisha joto, kelvini 300, kanieneo ya baa 2. Uzito uliokuwa juu ya pistoni unaondolewa ghafla, kanieneo ya nje inabaki baa 1, pistoni inaruka, inatulia. Kwanza tafuta mwisho wa safari: nishati iliyopungua ndani ya gesi ni sawa na kazi iliyofanya dhidi ya baa moja ya nje, na hesabu inakupa kelvini 240 bila salio. Sasa buni. Mimi napenda kuipoza gesi kwanza, kanieneo ikiwa palepale kwenye baa 2, kutoka 300 hadi 240. Kisha kuitanua taratibu kwenye kelvini 240 mpaka baa 1. Hatua ya kwanza inashusha entropia kwa 4.638, ya pili inaipandisha kwa 5.763. Jumla ni 1.125. Mwingine atasema hapana, tuipoze ujazo ukiwa umefungwa, halafu tuitanue kutoka lita 12.47 hadi lita 19.95. Atapata kushuka kwa 2.783 na kupanda kwa 3.908. Jumla, 1.125. Nimeshaona hesabu hizi mara nyingi na bado hufurahi njia mbili zisizofanana zinapokutana mpaka desimali ya tatu.

Kwa kuwa silinda haipitishi joto, mazingira ni sifuri, na hiyo 1.125 yote ni bei ya ghafla. Kama uzito ungepunguzwa punje kwa punje, argoni ingefanya kazi ya jouli 906 badala ya 748, ikapoa hadi kelvini 227, na entropia isingesogea kabisa. Haraka imeiacha gesi na joto ambalo lingepaswa kuwa kazi.

Waliosoma kwa vitabu vya majedwali ya tarakimu nne, kabla kikokotoo hakijawa cha kila begi, wanajua sehemu nyingine ya ufundi huu. Hatua za kupoza hapo juu zinahitaji logi ya 0.8, yaani ya 240 gawa kwa 300, ambayo kwenye jedwali ni moja yenye mstari juu yake, nukta 9031; moja hiyo ni hasi na desimali ni chanya, na wengi waliangukia hapo. Mjanja aligeuza sehemu juu chini, akasoma logi ya 1.25, ambayo ni 0.0969, akaiwekea alama ya kutoa, akazidisha kwa 2.303.

Gesi kamilifu nayo haipo sokoni. Argoni ya baa moja au mbili inaikaribia sana. Lakini mitungi ya gesi asilia kwenye magari na bajaji za Dar es Salaam hujazwa hadi baa 200 hivi, na hapo molekuli zinavutana na kubanana. Ukitumia fomula hizi bila marekebisho, ni juu yako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kuchanganya. Moli moja ya hidrojeni na moli moja ya argoni, pande mbili za ukuta, halijoto moja, kanieneo moja. Toa ukuta. Kila gesi imepata ujazo mara mbili, kwa hiyo 5.76 mara mbili, yaani 11.53. Njia ya kubuni inahitaji pistoni zenye utando unaochagua: mmoja unapitisha hidrojeni na kuizuia argoni, mwingine kinyume chake. Wa kwanza upo kweli, kwa maana metali ya paladiamu ikipashwa moto huipisha hidrojeni peke yake. Wa pili tunaukopa kwenye fikra.

Sasa weka argoni pande zote mbili. Unatafuta utando utakaoipisha argoni na kuizuia argoni, na huo haubuniki. Toa ukuta, na jibu ni sifuri. Josiah Willard Gibbs wa Marekani aliliona jambo hili katika miaka ya 1870: kati ya 11.53 na sifuri hakuna ngazi ya kushukia. Argoni 36 na argoni 40 hazina rangi wala harufu, kikemia ni ndugu wa tumbo moja, zinapishana uzito tu. Uzito huo unatosha kuzitenganisha, kwa hiyo zikichanganyika hesabu inadai 11.53 yote.