Asistanti sosiali wa siku tano

Bandugu wa promosheni, wakubwa na wadogo, leo sisemi juu ya mahindi.

Kwa miezi sita niliitwa asistanti sosiali hapa Kamina. Mimi, mwenye lisansi ya agronomia, mtu wa udongo na mbegu. Shirika moja lilitafuta watu, tangazo likasema "diploma yoyote ya universite", nikaweka dosie, wakanipokea. Walitufundisha siku tano, wakatupa fulana, kalamu na fomu. Siku ya sita nilikuwa mbele ya watoto wanaolala karibu na stesheni ya treni.

Mmoja alikuwa na miaka kama kumi na moja, alitoka upande wa Mwene-Ditu. Nilimtafutia ndugu, nikapata baba yake mdogo hapa mjini. Mzee alinipokea vizuri, akanipa kiti, akatia sahihi. Nikaandika kwenye fomu: "amerudi katika familia". Wiki mbili baadaye nikamkuta palepale kwenye reli, kichwa kimefungwa kitambaa. Akaniuliza: "Yaya, ulinipeleka kule juu ya nini? Banasemaka miye niko mulozi."

Fomu haikuwa na mstari wa swali hilo, na mimi sikujua kwamba ni la kuuliza mwanzoni. Mtu aliyefunzwa kazi angeongea na mtoto peke yake, angepita kwa majirani, angerudi siku nyingine bila kutangaza. Mimi nilitosheka na kiti na sahihi.

Mkubwa wangu aliniambia: "Hii kazi ni moyo tu." Sheria haisemi hivyo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kumlinda mtoto, inamweka asistanti sosiali karibu na hakimu wa watoto, afanye uchunguzi wa hali ya mtoto na familia yake. Kifungu cha 160 kinamwadhibu anayemshtaki mtoto uchawi: kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Nilikisoma nyuma ya kosa langu, si mbele yake.

Masomo ya kazi hii yako. Lubumbashi kuna Institut Supérieur d'Études Sociales, karibu kilomita 600 kwa reli. Kwa mtoto wa Kamina asiye na ndugu wa kumlaza kule, ni mbali. Lakini lawama yangu kubwa iko kwa staji, na staji tunaijua wote. Katika yangu ya agronomia, wiki za kwanza nilimwagilia maua ya ofisi, za mwisho nilinakili raporti ya mwaka uliopita. Nikagongewa muhuri, nikapata alama nzuri. Shamba likifa juu ya ujinga wangu, tunapoteza msimu. Mtoto naye tunampoteza kwa hesabu gani?

Marafiki fulani wanasifu njia ya Uingereza, iliyokubaliwa mwaka 2018. Kule mtu anaajiriwa kwanza, mara nyingi na serkali ya mtaa, analipwa mshahara, na wakati huohuo anasoma shahada bila kulipa ada, kwa kawaida miaka 3. Anapitia siku 200 za kujifunza kwa vitendo, chini ya jicho la mwenye uzoefu. Mwishoni anaomba kuandikishwa na Social Work England, na asiyeandikishwa haruhusiwi kujiita kwa jina la kazi hiyo. Hapa jina nililipata pamoja na fulana.

Njia hiyo ni nzuri, lakini wanaoisifu wanaruka mambo mawili. La kwanza: nani atalipa? Ile njia inasimama juu ya mwajiri mwenye mshahara wa kudumu. Kwetu kuna maajenti wa serkali wanaofanya kazi miaka bila kulipwa, na mashirika yanaishi kwa miradi ya miezi michache. Mradi ukifungwa katikati ya mwaka wa pili, mwanafunzi atabaki na nani?

La pili: aprenti tunamjua. Pita kwenye garaji yoyote, utamkuta kijana wa mwaka wa tatu anaosha vyuma na kutumwa sigara. Ukileta neno bila mwalimu, utapata paka mfanyakazi wa bei rahisi mwenye kadi ya mwanafunzi.

Hata hivyo, garaji iko na kitu ambacho siku zangu tano hazikuwa nacho. Fundi hakuachii breki peke yako. Anakuangalia mkono, anaifungua boliti uliyofunga, anaifunga upya mbele yako.

Hicho tunaweza kukichukua bila kungojea pesa za Uingereza. Staji iwe ndefu, na alama zitolewe juu ya ziara ambazo msimamizi alizifanya pamoja na mwanafunzi, si juu ya raporti. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021-2022, unahesabu staji ndani ya masomo, nafasi iko. Kwa mashirika: mtu mpya asitie sahihi ya kumrudisha mtoto peke yake. Kwa hiyo inatakiwa mtu wa pili na ziara ya pili.

Na shiye wenyewe? Matangazo ya "diploma yoyote" tunayapitisha hapa kati yetu. Mimi nimepitisha mawili. Njaa naijua, lisansi hailiwi, na simwambii mtu akatae kazi. Ninaomba tu aulize mbele ya kutia sahihi: "Nani atatembea na miye?" Wakimjibu "utajua tu mbele ya safari", ajue kwamba ni mtoto wa watu atakayelipia masomo yake.

Dosie ya yule mtoto ilichukuliwa na mama mmoja aliyesomea kazi hii kweli. Alienda mara nne kwa ile familia mbele ya kuandika neno moja. Mara ya pili alinichukua. Nilikaa kimya kwenye kona, nikaandika maswali yake yote.