Uhakiki wa Lugha ya Modeli za Utendaji Badilifu wa Seli za Hidrojeni: Mtazamo kutoka Nachingwea na Ruangwa

Sehemu hii inahakiki namna Kiswahili kinavyoeleza modeli za utendaji badilifu wa seli za hidrojeni, yaani mitambo inayozalisha umeme kwa kukutanisha hidrojeni na oksijeni bila kuziunguza. Hoja ya msingi ni kwamba maelezo yaliyozoeleka huficha dhana ya muda, ilhali bila muda hakuna ubadilikaji. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zimeteuliwa kwa kuwa suala hili linazigusa. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, ambayo matumizi yake ni pamoja na betri na bamba zinazotenganisha seli hizo. Mkulima anayetakiwa kupisha mgodi anastahili kuelewa teknolojia inayotajwa mbele yake kwa jina la nishati safi.

Tatizo la kwanza ni la istilahi. Tafsiri ya “seli za mafuta” hujitokeza mara kwa mara, lakini kwa msomaji wa Kiswahili mafuta ni petroli, dizeli, au ya kupikia. Hidrojeni ni gesi. Istilahi “seli za hidrojeni” inafaa zaidi, ingawa nayo ina upungufu, kwani zipo seli za jamii hiyo zinazotumia methanoli.

Tatizo la pili, ambalo ni zito zaidi, ni la kisarufi. Maelezo mengi hutumia kiambishi hu- cha mazoea: “mkondo ukiongezeka, volteji hushuka.” Kauli hiyo ni sahihi kwa modeli tuli. Kinadharia seli moja hutoa takribani volti 1.23, ikibeba mzigo, hutoa kati ya volti 0.6 na 0.7. Mhandisi anayekadiria idadi ya seli anahitaji kauli ya namna hiyo. Hata hivyo, kauli hiyo haisemi kinachotokea katikati, wakati mzigo unapobadilika.

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga nafaka inayoendeshwa kwa mota. Inapowashwa, mota huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida. Endapo umeme wake ungetoka kwenye seli za hidrojeni, tukio lingesimuliwa hivi: mzigo ukapanda ghafla; volteji ikashuka papo hapo kwa sababu ya ukinzani; oksijeni ikapungua kwenye kichocheo kabla pampu ya hewa haijaongeza kasi; volteji ikazidi kushuka; hewa ilipofika, ikapanda kiasi; unyevu wa utando ukabadilika polepole, na joto likachelewa zaidi. Kiambishi -ka- kinapanga matukio kwa mfuatano, na mfuatano huo ndio modeli badilifu inaoutafuta. Hivyo basi, Kiswahili hakina upungufu wa nyenzo. Kilichokosekana ni uteuzi sahihi wa nyenzo hizo.

Nachingwea inatoa sababu ya kulizingatia jambo hili. Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulifika pia wilayani humo, na reli ikajengwa kutoka Mtwara kwa ajili yake. Mpango huo ulielezwa kwa malengo ya ekari na tani, nao ukaharakishwa kabla ya majaribio ya kutosha. Karanga si hidrojeni, na mtafiti hadai kwamba sababu za kushindwa zinafanana. Kinachofanana ni aina ya kauli: inataja hali ya mwisho na kunyamazia njia ya kuifikia.

Ni kweli kwamba usimulizi wa -ka- hautoshi peke yake. Unaonyesha kipi kilitangulia, lakini hausemi kwa sekunde ngapi wala kwa kiasi gani. Hapo milinganyo na vipimo havina mbadala. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba maelezo ya Kiswahili kuhusu modeli hizi yatenganishe kauli za hali tuli na simulizi ya mabadiliko, kisha kila hatua iambatanishwe na muda wake. Msomaji wa Ruangwa aliyepewa maelezo ya namna hiyo ataweza kuuliza swali ambalo kauli ya mazoea humnyima: mzigo ukipanda ghafla, nini kitatangulia kushindwa, na baada ya muda gani?