Nyuso Mbili za Mufasa

Mchoro wa maleba husifiwa mara nyingi kwa namna rangi zilivyokaa na jinsi kitambaa kinavyoonekana kupepea hata kwenye karatasi. Fundi atakayeushona na kuuchonga ana maswali mengine. Anataka kujua uzito utakaa wapi, kiungo gani kibaki huru, mwigizaji atapumulia wapi na ataonaje njia. Ninavyoona, katika maleba ya wanyama kuna uamuzi mmoja unaotangulia yote hayo: uso wa mtu utakaa wapi. Tamthilia ya muziki ya The Lion King, iliyozinduliwa Broadway, New York, Novemba 1997, inalithibitisha hilo vizuri kuliko kazi nyingi, kwa kuwa Julie Taymor aliliongoza onyesho na pia akabuni maleba yake. Vinyago alivibuni pamoja na Michael Curry, bingwa wa vikaragosi.

Chanzo kilikuwa filamu ya katuni ya 1994, ambayo ndani yake hamna binadamu hata mmoja. Njia rahisi ingekuwa kuwavika waigizaji manyoya kuanzia utosini hadi unyayoni, sura zao zipotee humo. Taymor aliikataa. Kinyago cha Mufasa, simba mfalme, hukaa juu ya paji la uso, na uso wa mwigizaji hubaki wazi chini yake, umepakwa rangi, ukinena na kuimba. Mfalme anapokasirika, mwigizaji huinamisha kiwiliwili na kinyago hushuka mbele ya uso wake. Mtu anazama, simba anatokea. Hasira ikipita, kinyago hupanda tena. Uamuzi huo ndio uliozaa hesabu za karakana. Kitu kinachopanda na kushuka juu ya kichwa cha mtu anayeimba hakiwezi kuwa cha mti, kwa hiyo vinyago vilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na kile cha Mufasa kina uzito wa takribani gramu 310 tu. Mchoro unaoonyesha umbo kwa mbele peke yake usingemsaidia fundi hapa. Jambo lenyewe linaonekana ubavuni, pale shingo inapopinda na kinyago kinapotangulia mwili.

Tabia ya mhusika nayo imechorwa kwa mistari kabla ya kuchorwa kwa rangi. Kinyago cha Mufasa kina pande mbili zinazolingana, na manyoya ya shingo yameuzunguka uso kama jua. Cha Scar, simba mwovu wa hadithi, kimepinda, nyusi moja imepanda, na vazi lake lina vipande vilivyochongoka kama mifupa iliyotokea nje ya ngozi; mwenyewe hutembea akiegemea fimbo. Mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa ya ukumbi anajua nani wa kumwogopa kabla hajasikia neno.

Pingamizi la kwanza dhidi ya ubunifu huu ni kwamba macho ya mtazamaji yatagawanyika, asijue amwangalie mtu au mnyama. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake limo katika utendaji wenyewe. Anayeigiza ndege Zazu amesimama peupe, kikaragosi cha ndege huyo kiko mkononi mwake, naye humwelekezea ndege huyo macho na mawazo yake yote. Watazamaji huangalia anakoangalia yeye. Maleba yanampa mwigizaji nafasi hiyo. Akiitumia vibaya, ni kweli, lawama itamwangukia mbunifu bure.

Pingamizi la pili ni la fedha: kwamba haya yanawezekana Broadway, na kundi dogo la maigizo halina la kujifunza. Sikubaliani nalo hata kidogo. Twiga wa tukio la ufunguzi, mwenye kimo cha zaidi ya mita 4, ni mtu mmoja aliyefunga mironjo miguuni na kushika mingine mikononi, shingo ya twiga ikianzia kichwani pake. Mbuga ni wachezaji waliobeba nyasi vichwani, wakitembea. Simba jike wanapolia, huvuta utepe mweupe wa kitambaa kutoka machoni mwa vinyago. Ukame ni kitambaa cha buluu cha mviringo kinachovutwa polepole kuingia katika tundu la sakafu hadi maji yaishe. Kilicho ghali hapo ni fikra, na kundi lolote lenye fundi mmoja makini linaweza kuanza nayo.

Pingamizi la tatu, la kuazima, ndilo zito. Majina ya Simba, Rafiki na Pumbaa ni ya Kiswahili, lakini ufundi wa kuunganisha mtu na kikaragosi umeazimwa zaidi kutoka Asia: Taymor aliishi Indonesia miaka ya 1970 akifanya kazi ya jukwaa, na nguchiro Timon, aliyeunganishwa na mwigizaji anayeonekana nyuma yake, ana asili katika bunraku, sanaa ya vikaragosi ya Japani. Juu ya ufundi huo yamewekwa mapambo ya shanga na nakshi za Afrika zilizochanganywa bila kuwa za mahali pamoja. Sioni kosa katika kuazima ufundi. Jukwaa limekuwa likiazima siku zote. Nakshi ni jambo jingine, kwa sababu kwa wenyewe hueleza umri, ndoa au ukoo, na zikihamishiwa kwenye kiwiliwili cha simba maana hiyo hukatika. Ndiyo maana naona maleba haya yana nguvu zaidi pale yanapotegemea kiungo, uzito na mwelekeo wa jicho, na hulegea pale yanapotegemea mapambo. Kinyago cha Scar hakihitaji ushanga hata mmoja.