Nani Mtunzi wa Uhura? Umiliki wa Ubunifu katika Tamthilia ya Televisheni ya Star Trek

Uhakiki huu unachunguza nani anastahili kuitwa mtunzi wa Star Trek, tamthilia ya kubuni kisayansi iliyoanza kurushwa na NBC nchini Marekani mwaka 1966. Hoja kuu ni kwamba kumtaja Gene Roddenberry peke yake kuwa mbunifu kunaficha mikono mingi, na kwamba mhusika Uhura anaudhihirisha ukweli huo kwa msomaji wa Afrika Mashariki.

Ni kweli kwamba Roddenberry aliubeba mradi baada ya NBC kukataa kipindi cha kwanza cha majaribio. Hata hivyo, aliyebanwa na wakubwa naye aliwabana wengine. Mswada wa Harlan Ellison wa “The City on the Edge of Forever” (1967) uliandikwa upya. Ellison alitaka litumike jina la bandia, akakataliwa. Baadaye mswada wake wa awali ulipata tuzo ya chama cha waandishi, na kipindi kilichorushwa kikapata tuzo ya Hugo. Matini mbili tofauti zilituzwa kwa jina moja.

Kuhusu Uhura, mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark, *Uhuru* (1962). Roddenberry alilipenda neno hilo lakini akaliona kali. Nichols akapendekeza irabu ya mwisho ibadilishwe. Kwa msemaji wa Kiswahili, awe Umwe katika bonde la Rufiji au Mombasa, badiliko hilo halizai jina la kike, kwani Juma na Musa ni wanaume. Linachofanya ni kuondoa maana. Neno lililobeba madai ya Tanganyika hadi 1961 na ya Kenya hadi 1963 likabaki mlio mtamu.

Hata hivyo, maana haikufutika yote. Katika “The Changeling” (1967), Uhura anafutwa kumbukumbu. Anapofundishwa upya kusoma Kiingereza na kukwama, anazungumza Kiswahili. Ilhali jina lake la kwanza, Nyota, lilisikika katika filamu mwaka 2009 tu, baada ya kuasisiwa vitabuni.

Uhakiki unahitimisha kwamba Uhura ametungwa na mwigizaji, waandishi na lugha yenyewe. Orodha ya majina mwishoni mwa kipindi ni hati ya umiliki wa studio. Isichukuliwe na mhakiki kuwa historia ya utunzi.